Kazi Iliyotafutwa Baa: Pombe na Mtu Asiye na Ajira katika Historia ya Uingereza

Sheria za mafao za Uingereza zinamdai mtu asiye na kazi mambo mengi: afike ofisini siku na saa aliyopangiwa, aeleze hatua alizochukua kutafuta ajira, akubali kazi anayoiweza, na aridhie makubaliano yanayoorodhesha wajibu wake, lakini miongoni mwa madai hayo hakuna linalohesabu bia alizokunywa njiani. Hata hivyo anayefika mbele ya ofisa akinuka pombe, hata kama ana akili zake timamu na maneno yake yamenyooka, hutazamwa kama mtu aliyekwisha kuvunja sharti, na mara nyingi yeye mwenyewe hulijua hilo, ndiyo maana hutafuna peremende kabla ya kuvuka mlango. Pengo hili kati ya kilichoandikwa na kinachotarajiwa lina historia ndefu, na ajabu ya historia hiyo ni kwamba kwa zaidi ya karne moja mfanyakazi wa Kiingereza aliyetaka kazi alilazimika kwenda baa, akae humo, na anywe.

Katika London ya karne ya 18, kila ufundi uliokuwa na watu wengi, kama ushonaji na utengenezaji wa kofia, ulikuwa na baa zake maalumu zilizojulikana kama nyumba za wito. Nyumba ya wito ilikuwa baa ya kawaida ambayo mafundi wa kazi moja waliichagua kuwa kituo chao: waliokosa kazi walisubiri humo, majina yao yakaandikwa kwa zamu, na mwenye karakana aliyepungukiwa na watu alituma ujumbe huko ili aletewe fundi. Mwenye baa hakutoza kodi ya chumba, kwa sababu faida yake ilikuwa katika vinywaji, na hivyo aliyekaa kutwa bila kununua chochote alikuwa mzigo kwa mwenyeji na fedheha kwa wenzake. Nguvu ya mfumo huu ilionekana mwanzoni mwa miaka ya 1720, pale mabwana washonaji wa London walipolilalamikia Bunge kwamba mafundi wao, waliodaiwa kupita 7,000, walikuwa wameungana kudai ujira mkubwa zaidi na saa chache zaidi, na kwamba muungano huo ulikuwa umejengwa juu ya mtandao wa nyumba za wito. Bunge lilitunga sheria ya kuwadhibiti mwaka 1721, lakini baa zikabaki palepale, kwa kuwa hapakuwa na mahali pengine pa kukutanishia kazi na mtu.

Vyama vya mafundi vilivyofuata viliupanua utaratibu huo hadi ukaenea nchi nzima. Fundi aliyekosa kazi katika mji wake alipewa kadi na chama chake, akatembea kwa miguu mji hadi mji, na katika kila mji akaionyesha kadi kwenye baa iliyokuwa makao ya tawi la chama, ambako alistahili kupata chakula cha jioni, mahali pa kulala na, kwa desturi ya vyama vingi, kiasi fulani cha bia. Kama mji huo ulikuwa na kazi, aliambiwa, na kama haukuwa nayo, alisafiri tena asubuhi. Mtu anayelitafuta fao la kwanza la kukosa ajira katika historia ya Uingereza atalipata hapa, na atalikuta bia imo ndani yake, imeandikwa katika kanuni za chama kama haki ya mwanachama.

Kunywa kwenyewe hakukutenganishwa na kazi hata kazi ilipopatikana. Benjamin Franklin, ambaye baadaye alikuwa miongoni mwa waasisi wa Marekani, alifanya kazi katika kiwanda cha uchapishaji cha London katikati ya miaka ya 1720, na katika maisha yake aliyoyaandika mwenyewe alieleza kwa mshangao jinsi mwenzake alivyokunywa bia kabla ya kifungua kinywa, wakati wa kifungua kinywa, kati ya hapo na chakula cha mchana, na kadhalika hadi jioni, akiamini kwamba bia kali ndiyo inayompa nguvu za kazi kali. Franklin, aliyekunywa maji, alionekana kichekesho. Hoja yake kwamba mkate wa peni moja una unga mwingi kuliko bia nyingi haikumshawishi mwenzake huyo, na si vigumu kuelewa sababu yake: bia ya karakana ilikuwa pia namna ya kukaa na watu, kulipa ada ya ugeni, kuagana na anayeondoka, na aliyejitenga na bia alijitenga na kundi.

Mfano ulio wazi kuliko yote wa pombe kuwa mlango wa ajira ulikuwa katika Mto Thames, miongoni mwa wapakuzi wa makaa ya mawe. London ilipashwa joto na makaa yaliyoletwa kwa meli kutoka pwani ya kaskazini-mashariki, na makaa hayo yalitolewa katika tumbo la meli na vikundi vya watu tisa: baadhi yao wakijaza vikapu chini, wengine wakivivuta juu kwa kuruka kutoka ngazini huku wameishika kamba, na mmoja akimimina kikapu kwenye chombo cha kupimia. Kazi hii ilikausha koo kwa vumbi na jasho, na hilo peke yake lingetosha kuwafanya wanywe. Lakini mwandishi Henry Mayhew, aliyewahoji wafanyakazi wa London mwishoni mwa miaka ya 1840 kwa ajili ya gazeti la Morning Chronicle, alionyesha kwamba kiu haikuwa sababu kuu. Kwa utaratibu wa zamani waliomsimulia, nahodha hakuajiri wapakuzi yeye mwenyewe, bali alimwachia mwenye baa wa ufukweni, ambaye mara nyingine alikuwa ndugu yake au alimpa chochote kwa shukrani, na mwenye baa huyo ndiye aliyeunda kikundi. Mpakuzi aliyetaka kuchaguliwa alipaswa kuonekana akinywa kabla ya kazi, kununua bia ya kwenda nayo melini, na kurudi kunywa baada ya kazi, yote kwa mkopo ulioandikwa ukutani au daftarini na kukatwa siku ya malipo, malipo ambayo nayo yalifanyika baa. Aliyekunywa kidogo aliitwa mara chache. Asiyekunywa kabisa alikaa gatini na njaa yake.

Wapakuzi wenyewe walipambana kwa miaka mingi kuuondoa utaratibu huo, na mwaka 1843 Bunge likawasikiliza kwa kutunga sheria iliyoanzisha ofisi maalumu ya kuwaajiri: nahodha alitakiwa kupeleka mahitaji yake katika ofisi hiyo, vikundi vikajiandikisha humo, na malipo yakafanywa hapohapo, mbali na kaunta ya bia. Sheria hiyo iliungwa mkono na William Gladstone, ambaye mwaka huohuo aliteuliwa kuwa mkuu wa Bodi ya Biashara, ambayo licha ya jina lake ilikuwa wizara kamili ya serikali na mkuu wake aliitwa Rais wa Bodi. Ofisi ya wapakuzi iliruhusiwa kuisha katika miaka ya 1850, zama ambazo wanasiasa wa Uingereza waliona aibu kuingilia soko, na ingeweza kusahaulika kabisa. Lakini kwa historia inayoelezwa hapa ina uzito, kwa kuwa ni miongoni mwa mara za kwanza dola ya Uingereza kujenga ofisi ya ajira, na iliijenga kwa kusudi moja lililotamkwa waziwazi, yaani kumtoa mtafuta kazi mikononi mwa muuza pombe. Ofisi ya ajira na baa zilizaliwa zikiwa mahasimu.

Sheria nyingine zilifuata njia hiyohiyo kwa upande wa mishahara. Sheria ya Migodi ya mwaka 1842, ambayo hukumbukwa zaidi kwa kuwatoa wanawake na watoto wadogo chini ya ardhi, ilikataza pia wachimbaji kulipwa ujira ndani ya baa; mwaka 1883 katazo hilo likapanuliwa kwa wafanyakazi wengi wengine, isipokuwa, kwa mantiki isiyopingika, wale walioajiriwa na mwenye baa mwenyewe; na mwaka 1887 wakulima walikatazwa kuhesabu bia au mvinyo wa tofaa kama sehemu ya mshahara wa kibarua wa shambani. Kufikia mwisho wa karne ya 19, basi, pombe ilikuwa imesukumwa nje ya mkataba wa kazi kutoka pande zote mbili, kwenye kuajiri na kwenye kulipa, na kilichokuwa ada ya kuingilia kazini kilianza kuonekana kama kasoro ya mtu binafsi.

Kasoro hiyo ilikuwa tayari na jina katika asili ya pili ya mafao ya Uingereza, ambayo ni Sheria ya Maskini. Tangu mwaka 1601 kila parokia iliwajibika kuwatunza maskini wake kwa kodi ya wenyeji, na mfumo huo ulibadilishwa kwa ukali mwaka 1834, kufuatia ripoti ya tume iliyoandikwa kwa sehemu kubwa na Nassau Senior na Edwin Chadwick. Miaka minne kabla yake, Sheria ya Bia ya mwaka 1830 ilikuwa imemruhusu karibu kila mlipa kodi ya nyumba kuuza bia kwa leseni ya bei ndogo, na maduka ya bia yakazagaa vijijini, kiasi kwamba mashahidi wengi wa tume waliyataja kama shimo ambamo fedha za parokia zilimiminikia. Suluhisho la mwaka 1834 lilikuwa nyumba ya kazi, yaani makao ambamo maskini mwenye nguvu alipewa chakula na malazi kwa masharti magumu yaliyokusudiwa kumfanya atamani kazi yoyote ya nje. Kanuni kuu ya nyumba hizo, iliyotolewa mwaka 1847, ilikataza pombe isipokuwa kwa agizo la daktari, na ilimhesabu aliyelewa kuwa mkaidi, daraja la kosa lililozidi ukorofi wa kawaida, ambalo adhabu yake iliweza kuwa kufungiwa chumba cha peke yake hadi saa 24. Na pale ambapo msaada ulitolewa nje ya nyumba ya kazi, amri za mwaka 1842 na 1852 zilitaka kwa mwanamume mwenye nguvu angalau nusu yake iwe mikate, nguo na mahitaji ya namna hiyo badala ya fedha taslimu, kwa sababu iliyoeleweka na kila mtu bila kuhitaji kuandikwa, kwamba mkate hauuziki baa kwa urahisi.

Fikra hizi mbili, ya kuitoa pombe kazini na ya kumchunguza maskini anayeshika fedha ya umma, zilikutana mwanzoni mwa karne ya 20. Seebohm Rowntree, aliyechunguza mji wa York na kuchapisha matokeo mwaka 1901, aligundua kwamba takribani asilimia 28 ya wakazi walikuwa maskini, lakini aliwagawa katika mafungu mawili: wale ambao mapato yao yasingetosha hata yangetumiwa kwa busara yote, na wale ambao mapato yao yangetosha lau sehemu yake isingekwenda kwingine, na miongoni mwa hayo ya kwingine alitaja pombe kwanza. Kila upande ulichukua fungu lililoufaa. Vyama vya kupinga ulevi vilisoma fungu la pili. Wanamageuzi walisoma la kwanza. Hata ndani ya harakati za wafanyakazi kulikuwa na watu kama John Burns, kiongozi wa mgomo mkubwa wa bandarini wa mwaka 1889 na baadaye waziri, ambaye hakuacha kuwahubiria wafanyakazi kwamba pombe ni adui yao mkubwa kuliko bwana. Sheria ya pensheni ya wazee ya mwaka 1908, iliyotoa hadi shilingi tano kwa wiki kwa waliofikisha miaka 70, iliweza kumnyima haki hiyo kwa hadi miaka kumi mtu aliyepatikana na hatia chini ya sheria ya walevi ya mwaka 1898. Ilielekea kwamba mafao ya wasio na kazi nayo yangefuata njia hiyo.

Hayakuifuata moja kwa moja, na sababu yake ni mabishano ya mwaka 1909 ndani ya Bodi ya Biashara, wizara ileile ya Gladstone, ambayo sasa iliongozwa na Winston Churchill. Kijana William Beveridge, aliyekuwa amekaa Toynbee Hall, makao ya huduma za jamii katika mitaa maskini ya mashariki ya London, na kuwaona vibarua wa bandarini wakigombea kazi kila asubuhi, alikuwa amesafiri Ujerumani mwaka 1907 kuzitazama ofisi za ajira za huko, na aliamini kwamba ukosefu wa kazi ni tatizo la mpangilio wa viwanda kabla ya kuwa tatizo la tabia. Churchill alimwita wizarani, sheria ya ofisi za ajira ikapitishwa mwaka 1909, na ofisi za kwanza, zaidi ya 60, zikafunguliwa tarehe 1 Februari 1910. Pamoja nazo iliandaliwa bima ya kukosa ajira, yaani mfuko uliochangiwa na mfanyakazi, mwajiri na serikali, na swali likazuka mara moja: aliyefukuzwa kazi kwa ulevi alipwe?

Hubert Llewellyn Smith, katibu mkuu wa wizara, alisema asilipwe, kwa kuwa mfuko haupaswi kubeba mzigo wa makosa ya mtu mwenyewe. Churchill alimjibu kwa waraka ambao hadi leo ni hoja yenye nguvu kuliko nyingi zilizotolewa juu ya jambo hili. Kwa maoni yake, mtu aliyelipa michango yake alikuwa amejikinga dhidi ya tukio la kukosa kazi, na tukio hilo limetokea. Kuuliza kama chanzo chake ni ulevi wake au ni ulevi wa mwajiri wake ni kuchanganya maadili na hesabu, mambo mawili ambayo yeye hakupenda yachanganywe. Hesabu zenyewe zingetosha kuulinda mfuko, kwa kuwa fao lilipangwa kulingana na michango, wiki moja ya malipo kwa kila michango mitano, na hivyo mlevi anayepoteza kazi kila mara angekimaliza kisima chake mwenyewe bila kuhitaji hakimu wa tabia. Inafaa kukumbuka kwamba msemaji hakuwa mtu aliyejulikana kwa kuogopa glasi, lakini hoja haipungui kwa sababu hiyo.

Churchill alishindwa. Sheria ya Bima ya Taifa ya mwaka 1911, iliyowapa mafundi wa ujenzi, uhandisi na utengenezaji wa meli shilingi saba kwa wiki kwa muda usiozidi wiki 15, ilimnyima malipo kwa wiki sita aliyepoteza kazi kwa utovu wa nidhamu au aliyeacha kazi bila sababu ya haki, na ulevi kazini ukaangukia humo. Hata hivyo ushindi wa Llewellyn Smith ulikuwa na mpaka, kwa kuwa kifungu kiliangalia jinsi kazi ilivyopotea, kikanyamaza juu ya jinsi mtu anavyoishi baada ya kuipoteza. Ukimya huo umedumu.

Kilichoujaza ukimya huo hakikuwa sheria bali saa. Ili kuthibitisha kwamba hana kazi, mwenye bima alikabidhi kitabu chake cha bima katika ofisi ya ajira na kufika kutia saini daftari wakati wa saa za kazi, mwanzoni kila siku, kwa mantiki kwamba anayeweza kusimama kwenye foleni saa nne asubuhi hayumo kiwandani. Utaratibu huu wa kiutawala, ambao ndio mzazi wa miadi ya leo, ulikuwa na matokeo ambayo huenda hata waliouanzisha hawakuyalenga: muda wa mtu asiye na kazi ulihesabiwa kuwa muda wa kazi, na adabu ya kiwandani, pamoja na katazo lake jipya la pombe, ikamfuata hadi kwenye foleni. Aliyekunywa kabla ya kutia saini alionekana kama aliyekunywa kabla ya kuingia zamu, ingawa hakuna zamu iliyomngoja.

Vita vya Kwanza vya Dunia viliongeza fundo katika kamba hiyo. Kabla ya vita, baa za London ziliruhusiwa kufunguliwa tangu saa 11 alfajiri hadi saa sita na nusu usiku, na wafanyakazi wengi walipata glasi ya kwanza wakielekea kazini. Serikali, ikiamini kwamba pombe ilipunguza uzalishaji wa risasi na mizinga, iliunda mwaka 1915 bodi ya kudhibiti biashara ya vileo, iliyozikata saa za kuuza hadi takribani tano na nusu kwa siku katika maeneo mengi na kuzifunga baa asubuhi na alasiri. Katika eneo la Carlisle na Gretna, penye kiwanda kikubwa cha baruti, serikali ilinunua baa na viwanda vya bia na kuviendesha yenyewe kuanzia mwaka 1916, ikaendelea hadi 1973, muda mrefu baada ya kila mtu kusahau sababu. Ufungaji wa alasiri nao ulibakizwa na sheria ya mwaka 1921 na haukuondolewa Uingereza na Wales hadi mwaka 1988, kwa hiyo vizazi vitatu vya wasio na kazi vilitia saini katika nchi ambayo ratiba ya baa yenyewe ilikuwa imekatwa kwa kipimo cha kiwanda.

Miaka ya mdororo wa uchumi ilileta kejeli ya pekee. Maneno ya mtaani na ya baadhi ya magazeti yalimchora asiye na kazi kama mtu anayeibeba posho yake kutoka ofisini hadi kaunta, ilhali unywaji wa bia kwa kila mtu nchini uliteremka katika miaka ya mwanzo ya 1930 hadi viwango vya chini sana, na sababu kubwa ilikuwa kwamba maeneo ya viwanda vizito, yaliyokunywa zaidi, ndiyo yaliyokosa fedha zaidi. Mwanamume asiye na familia aliyelipwa shilingi 17 kwa wiki alikatwa hadi shilingi 15 na peni 3 mwaka 1931, na walioishiwa haki ya bima waliingizwa katika upimaji wa kipato, ambapo maofisa walihesabu mapato ya kila mtu nyumbani, hata ya mtoto aliyeajiriwa, kabla ya kutoa kitu. Katika hali hiyo bia moja iliyokunywewa polepole jioni nzima ilikuwa kodi ya kukaa mahali penye moto na watu, kama ilivyokuwa kwa fundi wa karne ya 18 katika nyumba ya wito, isipokuwa sasa hakuna bwana aliyetuma mtu kuulizia fundi.

Mpango wa Beveridge huyohuyo wa miaka ya 1940 ulipanua bima hiyo kwa takribani wafanyakazi wote bila kubadilisha sana adabu ya foleni. Mabadiliko ya sura yalikuja mwaka 1973, pale ofisi za ajira zilipoanza kuhamishiwa katika barabara za maduka kwa jina la Jobcentre, zikiwa na rangi angavu na kadi za nafasi za kazi ukutani, huku malipo yakiendelea kufanywa katika ofisi nyingine zenye vioo vizito na viti vilivyofungwa sakafuni. Kuanzia mwaka 2002 shughuli hizo mbili ziliunganishwa chini ya Jobcentre Plus na vioo vikaondolewa. Jambo hili dogo la useremala lina maana kubwa kwa mada hii, kwa sababu kioo kilizuia harufu pamoja na ngumi. Kilipoondoka, ofisa na mdai wakakaa meza moja, umbali wa pumzi, na mlinzi akasimama karibu na mlango.

Sheria iliyounda Posho ya Mtafuta Kazi, iliyoanza kulipwa Oktoba 1996, ndiyo iliyokaribia zaidi kulitamka suala lenyewe. Kanuni zake zilisema kwamba hatua ya kutafuta kazi inaweza isihesabiwe iwapo mdai, katika kuichukua, alikuwa mkali au mtukanaji, aliharibu ombi lake mwenyewe, au kwa mwenendo au mwonekano wake alijipunguzia nafasi ya kuipata kazi hiyo, isipokuwa kama sababu zilikuwa nje ya uwezo wake. Anayenuka pombe mbele ya mwajiri angeweza kunaswa na maneno hayo. Lakini ofisa wa mafao si mwajiri, na kanuni ilihusu kazi iliyoombwa, si miadi ya kuripoti. Mfumo wa mafao wa Universal Credit, uliojengwa juu ya sheria ya mwaka 2012 na kuanza mwaka uliofuata, ulisogea hatua zaidi kwa kumtaka mdai ashiriki katika mahojiano, si kufika tu, na kwa kuweka kama kipimo cha kawaida saa 35 kwa wiki za kutafuta kazi. Aliyelewa kiasi cha kutoweza kujibu maswali anaweza kuambiwa kwamba amefika bila kushiriki, na kukatwa fao. Aliyekunywa kidogo akajibu yote hana kosa ambalo sheria inalijua. Hata sheria ya jinai, inayoadhibu tangu mwaka 1872 kukutwa umelewa mahali pa umma, na ambayo kwa utaratibu uleule humkumbuka anayeongoza ng'ombe au injini ya mvuke akiwa amelewa, huhitaji ulevi wenyewe, si harufu yake.

Hapa ndipo urithi wa mwaka 1911 unapoonekana wazi. Saa 35 ni wiki ya kazi, na ukiukubali msingi kwamba kutafuta kazi ni kazi, basi kunywa kabla ya miadi ni kunywa kazini, na lawama inafuata kwa mantiki. Msingi huo, hata hivyo, una dosari ambayo haijawahi kutibiwa, kwa kuwa kazi hulipwa ujira uliokubaliwa na ina saa ya kutoka, ilhali mdai wa fao hana saa ya kutoka, na glasi yake ya Jumanne mchana hupimwa kwa kipimo ambacho glasi ya mwalimu au karani mwenye likizo haipimwi nacho. Anayechangia kodi ana haki ya kutaka mazungumzo ya ofisini yawe na maana, na ofisa ana haki ya kutotukanwa. Zaidi ya hayo mawili, hoja ya Churchill bado haijajibiwa.

Majaribio ya kuijibu kwa sheria yameshindwa. Sheria ya mageuzi ya mafao ya mwaka 2009 ilitoa mamlaka ya kuwalazimisha watumiaji wa dawa za kulevya wanaodai posho wakubali kuchunguzwa, pamoja na uwezekano wa kuyapanua mamlaka hayo hadi kwenye pombe, lakini vifungu hivyo havikutekelezwa na vikafutwa na sheria ya mwaka 2012. Utafiti uliofanywa kwa ajili ya wizara ya mafao na kuchapishwa mwaka 2010 ulikuwa umekadiria kwamba watu takribani 160,000 wanaotegemea pombe walikuwa wakipokea mafao makuu katika Uingereza yenyewe, bila Scotland na Wales. Mwaka 2015 serikali ilimwomba daktari Carol Black achunguze kama fao lifungwe na sharti la matibabu, na ripoti yake ya Desemba 2016 haikulipendekeza sharti hilo, ikielekeza zaidi kwenye kuwasaidia wagonjwa kupata kazi sambamba na tiba, na kwenye woga unaowafanya wafiche hali yao mbele ya maofisa.

Kwa mgonjwa wa namna hiyo swali la kunywa kabla ya miadi lina sura nyingine kabisa. Mwili uliozoea pombe ukinyimwa ghafla hutetemeka, hutoka jasho, na mara nyingine hupata degedege linaloweza kuua, kwa hiyo glasi ya asubuhi ndiyo inayomwezesha kushika kalamu na kuketi kwa nusu saa, na aliyefika akiwa hajanywa anaweza kuonekana mlevi kuliko aliyekunywa. Kanuni za Universal Credit za mwaka 2013 zinalitambua hilo kwa kiasi chake: kanuni ya 99 inamwondolea mdai wajibu wa kutafuta kazi na kuwa tayari kuianza, kwa muda usiozidi miezi sita, akiwa ndani ya mpango rasmi wa matibabu ya utegemezi wa pombe au dawa za kulevya. Nafuu hiyo humfikia aliyekwisha kupokelewa kwenye matibabu. Anayesubiri nafasi, au ambaye hajathubutu kumwambia ofisa kinachomsumbua, huendelea kuitwa kwenye miadi kama kawaida.